Vitone vya Upande wa Kushoto

Chumba cha kusomea picha hakikuwa na dirisha, na taa yake haikuwashwa hata saa nne asubuhi, kwa sababu mwanga ni adui wa kazi ile. Ndani mlikuwa na viti viwili vya magurudumu, skrini mbili kubwa, na feni ya mezani iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Humo ndimo Mpwa alimomalizia ujana wake, bega kwa bega na kaka wa mama yake, wakihesabu vitone.

Ndiyo, vitone. Watu wa nje walidhani madaktari wa picha wanafanya maajabu, kumbe kutwa nzima ni kuhesabu kama watoto wa darasa la kwanza. Mgonjwa wa kiharusi cha kuvuja damu anaingizwa kwenye mashine ya MRI, na ubongo wake unatoka kwenye picha umekatwa vipande vyembamba kama mkate, kuanzia utosini hadi shingoni. Lile donge la damu lililomwangusha, hata mfagiaji angeliona. Mjomba na Mpwa walitafuta vidogo: vitone vyeusi, kimoja hapa, kimoja pale. Kila kimoja ni mahali ambapo mshipa mwembamba kuliko unywele uliwahi kuvuja kimyakimya, mwenyewe akila, akicheka, akigombana na jirani yake. Pembeni huwa kuna mawingu meupe, nyama ya ubongo iliyokosa damu ya kutosha kwa miaka mingi. Ukiwa na vitone viwili vitatu, unaweza kuzeeka navyo. Vikifika kumi na kitu, mishipa yote midogo imechakaa, na anayekupa dawa ya kuzuia damu isigande anakusukuma shimoni kwa mkono wake mwenyewe.

Kitone nacho kina ujanja wake. Mshipa mzima ukikatwa na picha kwa upana, nao huonekana kitone. Inabidi upande picha ya juu, ushuke ya chini. Kikiendelea kama uzi, huo ni mshipa, achana nao. Kikikatika hapo hapo, hiyo ni damu ya zamani, kihesabu. Mjomba alimfundisha hayo Mpwa kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa mtu mwingine yeyote pale hospitali.

Hospitali nzima ilimwita Mjomba. Siku ya kwanza kazini Mpwa alijisahau akamwita hivyo mbele ya wauguzi, na udaktari wa miaka thelathini ukazikwa pale pale. Kuanzia mkurugenzi hadi walinzi wa getini ikawa Mjomba huku, Mjomba kule. Naye akabaki Mpwa, pamoja na vyeti vyake vyote ukutani na miaka yake thelathini na sita. Hakukereka. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, ni mjomba huyu aliyekuja na begi tupu, akalijaza nguo zake, akamshika mkono wakaondoka. Alimsuka nywele vibaya mpaka akajua kusuka. Hakujaliwa mtoto, na mkewe alipotangulia walibaki wawili tu, nyumba moja, kazi moja, wakitaniana kutwa kucha.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja. Kila picha inasomwa na watu wawili, kila mtu kivyake, jina la mgonjwa limefutwa imebaki namba. Kisha wanakaa pamoja na kulinganisha. Wakitofautiana, wanairudia picha mpaka wakubaliane, na idadi waliyokubaliana ndiyo inayokwenda wodini. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Ilivyotendeka ni kwamba Mpwa ndiye aliyekubali. Utamsahihishaje mtu aliyekufundisha hata kufunga kamba za viatu?

Basi ikaja picha ya mgonjwa namba mia mbili kumi na nne. Mjomba alihesabu vitone vitatu. Mpwa alihesabu kumi na saba.

"Kumi na saba?" Mjomba aliangua kicheko. "Mama, umehesabu na vumbi la skrini?"

"Nimepanda na kushuka, Mjomba. Vinakatika. Vyote vinakatika."

"Haya, tuvione hivyo vyote."

Kipanya alikishika yeye, kama kawaida. Alipita picha moja baada ya nyingine, harakaharaka, kama mtu anayepekua gazeti alilokwisha kulisoma. Kimoja. Viwili. Vitatu. Mpwa akasema, na kule je? Kule wapi? Kule, Mjomba, pembeni. Mjomba akatazama, akasema kule hakuna kitu, na akaendelea mbele. Akarudia mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

"Siku hizi unaona mizimu," alisema. "Pumzisha macho. Andika vitatu."

Mpwa akaandika vitatu. Akafuta alama zake kumi na nne, moja moja, akijisemea kwamba labda kweli macho yamechoka. Shingo upande, lakini alizifuta.

Wiki tano baadaye daktari wa wodi alisukuma mlango bila kubisha. Namba mia mbili kumi na nne amerudishwa, alisema, amevuja tena, na safari hii hata nusu saa hakumaliza. Alikuwa na moyo wa kurukaruka, ndiyo maana wodi ilitaka kujua kama anaweza kupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Picha ilisema vitone vitatu. Wakampa.

"Basi bahati mbaya," alisema Mjomba, na kwa kweli alisikitika. "Hata mwenye vitatu anaweza kuvuja."

Mpwa alitoka kwenda ukumbini akamkuta mke wa marehemu kwenye benchi, na hapo ndipo alipojua namba ile ilikuwa ya nani. Alikuwa fundi viatu wa pale nje ya geti, yule mcheshi aliyezoea kumwambia kila asubuhi kwamba visigino vyake vinalia msaada. Mkewe hakuwa analia. Alikuwa amekaa kashika tama, na alipoona koti jeupe aliuliza swali moja tu, kwa upole, kama mtu anayeulizia choo kiko wapi.

"Si mlisema picha yake nzuri?"

Mpwa alisema pole. Alisema pole tena, akarudi chumbani.

Mjomba alikuwa ameitwa kikaoni. Mpwa aliifungua picha ya fundi viatu, akaanza upya, juu chini, juu chini. Kumi na saba. Akaweka alama nyekundu kwenye vile ambavyo Mjomba alivikubali na ya njano kwenye vile alivyovikataa, kisha akarudi nyuma na kiti chake akatazama. Nyekundu tatu zilikuwa kulia kwa skrini. Njano zote kumi na nne zilikuwa kushoto.

Kisha akafungua faili la tofauti, maana kila tofauti yao huandikwa, pamoja na upande ilipo, hata kama ni ya kitone kimoja. Miaka ya nyuma walitofautiana kwa kimoja, kwa viwili, huku na huku, kama wasomaji wowote wenye akili timamu. Halafu, miezi minane nyuma, ugonjwa unaanza. Picha baada ya picha, vya kulia Mjomba hakukosa hata kimoja, na vya kushoto hakuona hata kimoja. Wagonjwa arobaini na sita. Chini ya kila mmoja kulikuwa na sahihi mbili, na moja ilikuwa yake.

Miezi minane nyuma. Aliikumbuka wiki ile. Mjomba alilala siku mbili na kichwa kikimuuma, akasema ni mafua, akanywa chai ya tangawizi, akarudi kazini. Na wiki hiyo hiyo alimhamisha Mpwa kutoka kiti cha kushoto, alichokikalia miaka saba, akamweka kulia. "Huko husikiki," alimwambia. Wakacheka kwamba uzee umeanza na masikio.

Sasa mambo yote yakaanza kumjia, tena kwa fujo. Ndevu za shavu la kushoto ambazo Mjomba alisahau kuzinyoa, mpaka wauguzi wakamuuliza kama wembe umepanda bei. Bega la kushoto lililokuwa likigonga miimo ya milango, naye akiwatukana maseremala. Jioni ile mezani Mpwa alimwangalia kwa macho mengine. Mjomba alikula wali wa upande wa kulia wa sahani, akausafisha mpaka chini, akasukuma sahani.

"Leo umenipimia kama mgonjwa," alisema. "Njaa itaniua humu ndani."

Nusu ya wali ilikuwa pale pale, upande wa kushoto, na kipande kizima cha nyama juu yake. Mpwa alinyanyuka, akaigeuza sahani, akasema ameongeza. Mjomba akashukuru, akala yote. Mpwa akaenda jikoni, akafungulia bomba maji yapige kelele, akalia.

Alijua ni nini. Asingekijua yeye angekijua nani? Upande wa kulia wa ubongo ukijeruhiwa mahali fulani, mtu hapofuki. Jicho ni zima, chati ya kupimia macho ataisoma hadi mstari wa mwisho. Ila upande wa kushoto wa dunia unafutika kichwani mwake, na pamoja nao inafutika habari kwamba kuna kitu kimefutika. Haoni giza wala pengo, anaona kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana Mjomba hakuwa mwongo na wala hakuwa mzembe. Alisoma picha nusu kwa moyo mmoja, akazitilia sahihi.

Na kila asubuhi, baada ya chai, alimeza kidonge kimoja cheupe. Moyo wake nao ulikuwa wa kurukaruka tangu zamani, na dawa aliyokuwa akimeza ni ile ile iliyommaliza fundi viatu. Kwa mtu ambaye hajavuja, inaokoa maisha. Kwa mtu aliyekwisha kuvuja ubongoni na hajui, jamani.

Asubuhi yake, kabla hajakitia kidonge mdomoni, Mpwa alipiga moyo konde.

"Mjomba, usimeze hiyo. Nadhani ulipata kiharusi kidogo, ile wiki ya mafua. Upande wa kulia. Vitone vya kushoto huvioni."

Mjomba alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. Mpwa akamwonyesha orodha, wagonjwa arobaini na sita, namba zote. Mjomba akaisoma, au akasoma nusu yake, na uso ukambadilika.

"Kwa hiyo wewe ndiye unaona, na mimi kipofu."

"Sijasema kipofu."

"Nilianza kusoma picha wewe hujatoka meno. Mgonjwa mmoja kafa, unatafuta wa kumtwika. Haya, nitwike mimi, mabega ninayo. Lakini usinitungie ugonjwa." Alisimama. "Mimi naamini nikionacho. Siku nikiona kitu kwenye ubongo wangu, nitaacha dawa, nitaacha kazi, nitakaa hapo kibarazani nihesabu kuku. Umeridhika?"

Akameza kidonge chake, akafunga mlango kwa nguvu, na bega lake likagonga mwimo.

Tangu siku ile Mpwa hakufuta tena alama yake hata moja. Picha mpya alizipeleka wodini na hesabu yake mwenyewe, sheria ya kukubaliana ikalala. Wale arobaini na sita alianza kuwapitia upya, na kila aliyemkuta anatumia dawa ile alimkimbilia daktari wa wodi. Alijua pia kwamba lazima aende kwa mkurugenzi. Alijipa mpaka Ijumaa. Mkurugenzi angemwondoa Mjomba chumbani siku hiyo hiyo, na ndivyo ilivyopasa, lakini asingeweza kumwondolea kidonge mdomoni. Hicho Mjomba angekiacha kwa jambo moja tu, kuona kwa macho yake. Alisema mwenyewe, na Mjomba alikuwa mtu wa neno lake.

Bahati ilikuja Jumatano, ikiwa unaweza kuiita bahati. Mashine ya MRI iliharibika kifaa kimoja, fundi wa mashine akaja kuitengeneza, na kama ilivyo desturi, baada ya matengenezo lazima alale mtu mzima asiyeumwa, apigwe picha, ionekane kama mashine imekaa sawa. Kwa miaka kumi kichwa cha kujaribia kilikuwa cha Mjomba. Alijivunia jambo hilo mno. Mara ya mwisho ilikuwa miaka mitatu nyuma, na picha yake bado ilikuwa kwenye kompyuta, safi, mishipa kama ya kijana.

"Kichwa cha serikali kiko wapi?" fundi aliuliza mlangoni. "Nipe dakika ishirini zake."

Mjomba hakuwa amezungumza na Mpwa siku mbili, lakini kazi ni kazi. Alivua saa, mkanda na miwani, akalala. "Usinikaange," alimwambia fundi, kitanda kikaanza kumwingiza ndani.

Mpwa alisimama nyuma ya kioo. Picha zilianza kushuka moja moja. Picha za ubongo husomwa kana kwamba mtu amekuelekea, kwa hiyo upande wake wa kulia hukaa kushoto kwako. Mpwa aliona nusu moja ya kichwa kile ikiwa nzuri, mawingu membamba ya umri, kitone hapa, kitone pale. Na kushoto kwa skrini kulikuwa na tundu. Tundu la damu ya zamani lenye ukingo mweusi, na kulizunguka, mpaka ukingoni mwa ubongo, vitone, vitone, vitone.

Fundi wa mashine hakuwa daktari, lakini alikuwa ameona picha nyingi. Aliacha kutafuna bigijii yake.

"Mpwa," alisema polepole. "Mashine ndiyo mbovu, au?"

"Mashine ni nzima," alisema Mpwa. "Nakuomba usiseme kitu."

Ndipo alipotambua ubaya wa jambo lenyewe. Jeraha lililomnyang'anya Mjomba upande wa kushoto lilikuwa lenyewe limekaa kushoto kwa picha. Ugonjwa ulikuwa umejificha mahali pekee duniani ambapo mtu yule, bingwa wa kuona, asingeweza kutazama. Hata hivyo alijipa moyo. Tundu ni kubwa. Labda ukingo wake utamvuta jicho. Labda Mungu atasaidia.

Alhamisi asubuhi alifuta jina kwenye picha ile, akaipa namba, akazima herufi za pembeni zinazoonyesha kulia na kushoto, akaiweka kwenye skrini ya Mjomba. Mjomba aliingia, akagonga mwimo, akakaa.

"Bado umeninunia?" aliuliza. Ndivyo alivyokuwa akiomba msamaha, kwa kumsingizia mwenzake kosa.

"Sijanuna. Nisaidie hii. Mtu mzima, moyo unarukaruka, anatumia dawa ya damu. Wanauliza aendelee?"

Mjomba alivuta kiti, akashika kipanya. Mpwa alibana mikono yake katikati ya magoti. Picha zilipita, utosi, paji, katikati. Likaja tundu, likajaa nusu ya skrini. Mjomba akalipita. Akarudi nyuma, roho ya Mpwa ikaruka, lakini alikuwa anarudia kitone kimoja cha kulia ahakikishe kinakatika. Akalipita tena.

"Viwili," alisema. "Mawingu ya umri tu. Huyu ni mzee mwenzangu, mwache ale maisha."

"Na dawa?"

"Aendelee. Akiiacha, moyo ndio utakaomuua. Hivi viwili havimfanyi kitu." Akanyoosha mgongo. "Hii ndiyo ya kuniita? Hata mwanafunzi angeisoma."

Mkono wa Mpwa ukaenda wenyewe kwenye kibodi. Kuna kitufe cha kugeuza picha, kulia kuwe kushoto, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Hutumika mara chache, picha ikiwa imeingizwa kinyume. Alikibonyeza.

"Na huyu?" alisema.

Mjomba aliangalia, na kiti chake kilichokuwa kikicheza huku na huku kikatulia. Hakutania. Aliinama mbele, akapanda, akashuka, na midomo yake ikaanza kwenda bila sauti. Mpwa aliujua uso ule. Ndio uso aliouona tangu akiwa binti wa shule akimngoja amalize kazi waende nyumbani, uso wa mtu anayejua kazi yake kuliko wote. Kwa dakika kumi hivi alikuwa amerudi, Mjomba mzima, hana kasoro.

"Ishirini na tisa," alisema hatimaye. "Na huyu alishavuja, ona tundu hili. Miezi saba, minane. Lazima kuna kitu nyumbani hakifanyi sawasawa, na mwenyewe hajui. Nani kamwacha mtu huyu anatembea barabarani?"

"Naye anatumia dawa ya damu."

"Aiache leo. Sasa hivi." Akatikisa kichwa. "Ingawa, mama, tusidanganyane. Mishipa imekwisha hii. Atavuja tena, swali ni lini. Mwaka huu, mwaka ujao. Waiteni ndugu zake muwaambie taratibu, si simuni. Ana nani nyumbani?"

"Ana mimi, Mjomba."

Mjomba aligeuka kumtazama. Alianza kutabasamu, kama anayengoja mwisho wa utani, kisha tabasamu likamfia usoni.

"Umenionyesha watu wawili."

"Ni mmoja. Nimeigeuza. Ni ile ya jana, fundi alipokulaza."

Mjomba aliigeukia tena skrini. Kisha alisema, "Irudishe ilivyokuwa."

Mpwa akairudisha. Mjomba akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alitafuta kwa bidii ya kutia huruma, jasho likimtoka kwenye chumba chenye feni, akipita pale pale ambapo alishapita. Akamwambia Mpwa aonyeshe kwa kidole. Mpwa akaweka kidole juu ya tundu. Macho ya Mjomba yakafuata mkono wake, bega, kiwiko, kifundo, na hapo yakakatika na kurudi kulia.

"Sioni," alisema. "Nakuamini, mama. Ninajua ipo. Sioni."

Mpwa hakuweza tena kujizuia. Alilia kama alivyolia akiwa na miaka tisa, kwa sauti, bila kuficha uso, na Mjomba akamwacha alie kwa sababu naye alikuwa anapiga hesabu nyingine.

"Yule fundi viatu," aliuliza. "Wewe ulihesabu ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mimi nikasema vitatu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali," alisema Mpwa.

Mjomba alikitazama kipanya kilichokuwa mkononi mwake. Miaka thelathini na kitu. Alikiachia, akakisukuma upande wa Mpwa, kisha akavuta fomu ya picha ile, ambayo kama fomu nyingine zote ilikuwa na nafasi ya msomaji wa kwanza, msomaji wa pili, na idadi waliyokubaliana. Alimpa kalamu.

"Andika," alisema. "Ishirini na tisa, na vile viwili."

Mpwa akaandika thelathini na moja. Mjomba akatia sahihi yake, akamngoja atie ya pili.